Gari Linamisi? Usiende Dukani Bado

Mteja akiingia gerejini na gari linalotetemeka kwa kumisi, yaani silinda moja au zaidi haichomi mafuta vizuri, ni nadra aseme, "Fundi, niangalizie tatizo." Atasema, "Fundi, nibadilishie plagi." Wengine wanakuja nazo mfukoni kabisa, wamezipitia dukani njiani. Zikifungwa na gari likaendelea kutetemeka, zinafuata koili, zile zinazozipa plagi umeme. Koili zikishindwa, nozeli zinazonyunyizia mafuta. Nozeli zikishindwa, pampu ya mafuta. Hapo mtu keshamaliza hela ya ada ya mtoto, na gari bado linamisi vilevile kwenye foleni ya Sakina, hapa Arusha.

Mafundi tunalaumiwa kwa hili, na sehemu kubwa ya lawama ni yetu. Ila naomba niseme lisilopendeza: huu mchezo tunaucheza pamoja, fundi na mwenye gari. Mteja atalipia koili nne za mtumba bila kubishana sana, kwa sababu koili anaishika mkononi. Mwambie alipe hela ya kupima, yaani saa nzima ya mtu kuinama kwenye injini bila kubadilisha chochote, atakuuliza, "Sasa hapo umefanya nini?" Fundi naye ana kodi ya eneo na vijana wa kuwalipa jioni. Akishaona kupima hakulipwi na kufunga spea kunalipwa, atafunga spea. Ukitaka fundi wako aache kubahatisha, mlipe asibahatishe. Mimi kwetu hapa Unga Limited nataja hela ya kupima kabla sijashika spana, na wapo wanaowasha gari na kuondoka. Waende salama.

Upimaji wenyewe unaanza kabla boneti haijafunguliwa, na unaanza kwa maswali. Linatetemeka lini? Likiwa baridi asubuhi, au likishachemka? Likiwa limesimama kwenye sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyagwa akseleta, au likibeba mzigo kwenye kilima? Lilianza ghafla au lilikuja polepole? Kuna kitu kilifanyika siku chache kabla, kama kuoshwa injini, kujazwa mafuta sehemu ngeni, kubadilishwa betri? Wateja wanaona napoteza muda. Ukweli ni kwamba nusu ya kazi iko hapo, na haihitaji hata tochi.

Chukua barabara ya Moshi kuja Arusha, kama kilomita 80. Ukishapita Boma Ng'ombe unapanda taratibu, unapita Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Gari lenye cheche dhaifu kwenye plagi litajionyesha humo: kwenye tambarare liko sawa, ukikanyaga kupita lori kwenye mwinuko linaanza kukwamakwama na kurusharusha. Sababu ni kwamba ukikanyaga akseleta, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji umeme mwingi zaidi kuruka kwenye mwanya wa plagi. Koili iliyochoka inashindwa hapo. Pampu ya mafuta dhaifu au filta iliyoziba nayo inalia hapohapo, kwa sababu injini inataka mafuta mengi na hayafiki.

Sasa geuza. Gari linalotetemeka vibaya likisimama kwenye mataa, halafu ukipiga resi kidogo linatulia kabisa, hilo usilinunulie koili kwanza. Mara nyingi linavuta hewa ya wizi mahali fulani. Kwenye sailensi injini inatumia hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo kwenye mpira linaharibu hesabu yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi haionekani tena. Trotoboodi (mlango wa hewa ya injini) iliyojaa masizi nayo hukaa kwenye kundi hili.

Alikuja mama mmoja na Toyota Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya siti za mbele. Sailensi inapanda yenyewe na kushuka, inapanda na kushuka, mara inazima. Alishaambiwa mahali pengine kwamba nozeli zote zimekufa, atafute hela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii gari imenichosha, nataka kuiuza."

Nikamuuliza yale maswali yangu. Mwishoni nikauliza, breki zikoje?

"Breki? Siku hizi ngumu, mpaka nikanyage kwa nguvu. Ila hilo nalijua, ni pedi."

Pedi zikilika breki haziwi ngumu namna hiyo. Breki ngumu na sailensi inayocheza, vyote kwa wakati mmoja, vinakupeleka kwenye mpira mmoja: ule mnene unaotoka kwenye manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) kwenda kwenye hidrovaki, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kulainisha breki. Tukainua siti. Ukiinamisha sikio ulisikia mluzi mwembamba. Kijana wangu akaubana mpira kwa koleo iliyofungwa kitambaa, na injini ikatulia papo hapo. Alipoachia ikaanza tena. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, karibu na klipu, pale ambapo joto la injini linaukausha mwaka hadi mwaka. Nozeli zilibaki mahali pake. Na niseme wazi, hilo lilikuwa tatizo la breki kabla halijawa la injini, na mama alikuwa anashuka nalo vilima.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: mipira midogo ya vakyumu (mvuto wa hewa) ikague kwa vidole, ikunje, tafuta nyufa. Maungio ya manifoldi unaweza kuyapulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia, injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umepata mahali. Nyunyizia kidogo, na kaa mbali na koili na nyaya. Kuna wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini ile ni kitu cha kulipuka juu ya ekzosi yenye moto, na gereji nyingi hazina hata ndoo ya mchanga.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwanza kwamba injini ndiyo inayomisi. Maunti za injini, yaani mipira inayoibeba, zikichoka, hata injini isiyo na ubovu inaweza kutikisa bodi mpaka kioo cha pembeni kikacheza, hasa ukiweka D huku umekanyaga breki. Nenda nyuma usikilize ekzosi. Shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba. Injini nzima inakisukuma kwa mpigo ulio sawa, pu-pu-pu-pu. Injini inayomisi inaruka pigo, na valvu iliyoungua wakati mwingine inaivuta karatasi kurudi kwenye bomba. Bodi inatetemeka lakini karatasi iko sawa? Angalia maunti.

Halafu ndiyo mashine. Siku hizi kila mtaa wa Arusha kuna kijana mwenye kile kidude cha bluutuuthi na programu ya simu, na ni jambo jema. Tatizo ni namna tunavyoisoma. Mashine ikitoa P0302, inasema silinda ya 2 haichomi vizuri. Haisemi koili. Haisemi plagi. Ni kama jirani anayekupigia simu kwamba nyumba yako inatoa moshi. Hajakwambia nani kawasha moto. P0300 inasema kumisi kunaruka kutoka silinda moja kwenda nyingine, na hapo ndipo kununua koili moja hakuna maana kabisa, maana kinachoumiza silinda zote ni kitu cha pamoja: mafuta, hewa, au taimingi (mpangilio wa muda wa valvu na cheche).

Kwenye mashine hiyohiyo kuna kitu ambacho watu wengi hawafungui, ile sehemu inayoonyesha kontroboksi (kompyuta ya injini) inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa karibu na sifuri, mambo ni mazuri. Ikipita 10 kwenda juu, kontroboksi inalalamika kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Sasa panda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uangalie tena. Ikishuka, ni hewa ya wizi. Ikizidi kupanda hasa gari likibeba mzigo, mafuta hayafiki: pampu, filta, au sensa ya eaflo (inayopima hewa inayoingia) imejaa vumbi na inahesabu hewa pungufu. Na kwa vumbi la kiangazi la barabara za Monduli na Longido, filta ya hewa na eaflo ni vitu vya kutazama mapema, si mwisho.

Toyota za miaka ya 90 hazina haja ya kidude. Nyingi zina kiboksi cheusi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, halafu unahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Soma herufi vizuri kabla ya kuchomeka waya. Mafundi wazee wanalijua hili. Vijana wengi wanadhani gari hilo halipimiki.

Na taa hiyo ya cheki injini ikiwa inawakawaka wakati unaendesha, si kuwaka tu ikatulia, punguza mwendo, usafiri wa mbali uache. Maana yake injini inamisi kiasi cha kutupa petroli mbichi kwenye masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi), na petroli hiyo inaungulia humo ndani. Masega yanapata joto mpaka yanayeyuka. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, metali za bei kubwa, ndiyo maana kuna watu wanaokuuliza kwa upole sana kama hutaki "kuyatoa ili gari lipumue."

Sasa lile jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ni bure. Dada mmoja wa Njiro alikuja na IST, injini ya 1NZ-FE, kila plagi na koili yake. Alishapewa orodha ya spea kwenye karatasi: plagi nne, koili nne, nozeli, na mwishoni mkanda wa taimingi. Huo mkanda ulinifanya nicheke. 1NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Sijui mtu angeufunga wapi.

Mashine ilisema P0302. Tukafuta namba, tukaihamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, na ya 3 ikaja kwenye ya 2. Akaenda kuzunguka Njiro mpaka Kijenge na kurudi. Aliporudi mashine ilisoma P0303. Tatizo lilikuwa limehama pamoja na koili, basi koili ndiyo yenye kosa. Lingebaki silinda ya 2, tungehamisha plagi. Lingebaki palepale tena, tungeigeukia nozeli, kisha kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda. Hakuna senti iliyokwenda dukani mpaka hapo.

Lakini ukishamjua mwizi, uliza aliingiaje. Ile koili ilipochomolewa, mpira wake mrefu wa chini ulikuwa unang'aa kwa oili. Ukimulika tochi kwenye tundu la plagi, oili ilikuwa imesimama humo chini kama robo ya kidole. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilishakauka na ilikuwa inavujisha oili kwenye tundu, oili ikaulainisha mpira wa koili, umeme ukapata njia ya mkato. Ungefunga koili mpya na kuacha gasketi, ungerudi baada ya muda ukisema koili za siku hizi ni feki. Alinunua koili moja na gasketi moja. Koili nyingine tatu tulizifuta tu.

Gari za distributa, yaani zenye kifaa kimoja kinachogawa umeme kwa plagi zote, kama RAV4 za mwanzo, hazina raha hiyo ya kuhamisha koili. Huko tunachomoa soketi ya nozeli moja moja, injini ikiwa kwenye sailensi. Ukichomoa na injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umeipata iliyolala. Wengi wanachomoa waya wa plagi badala ya nozeli. Kuna watu nimeona wakirushwa na umeme huo, na pia petroli inaendelea kumwagika kwenye silinda isiyochoma. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukiwa umelala, gari la distributa likimisi kwa dakika chache halafu likapona lenyewe, kagua kifuniko cha distributa na nyaya. Usiku, kwenye giza zito, waya uliopasuka unauona kwa macho, cheche za bluu zinatembea juu yake.

Plagi zenyewe usizitupe kabla ya kuzisoma. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Rangi ya kahawia nyepesi au kijivu ni afya. Nyeusi ya masizi makavu, mafuta yanazidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi ya kuteleza, oili inaingia. Nyeupe yenye vijipele, joto limezidi, mafuta ni machache. Na moja ikiwa safi kupita wenzake, kana kwamba imesuguliwa, usifurahi: maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda hiyo na kuisafisha kwa mvuke. Ukinunua mpya, tazama namba ya mwisho kwenye jina. Plagi ya NGK inayoishia na 11, mwanya wake ni milimita 1.1. Fundi anayeigonga kwenye saruji ili "kuirekebisha" kwa jicho, mnyang'anye.

Kuhusu mafuta, hapa kwetu kila gari likitetemeka tunasema yamechakachuliwa. Tabia hiyo ina historia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanza kuweka vinasaba (alama za kutambua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isitamanishe. Sisemi uhuni umekwisha. Nasema mafuta mabaya hayachagui silinda. Yakiwa ndiyo tatizo, injini nzima inaumwa, na inaanza muda mfupi baada ya kujaza. Toa kidogo kwenye chupa nyeupe, acha itulie. Maji yakiwepo yanakaa chini na mstari unauona. Silinda ya 2 ikimisi peke yake mwezi mzima, mwenye sheli hana hatia.

Dizeli za watalii, hizi Land Cruiser za 1HZ, nitaziacha. Hazina koili wala plagi za cheche, na mambo yake yanataka makala yake.

Nimebakiza jambo ambalo huku kwetu linaponza injini isiyo na ubovu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa takribani asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Moshi, iliyo chini yetu, inapungukiwa kama asilimia 10. Vitabu vingi vinasema injini ya petroli iliyo nzima, kwenye sailensi, isome inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi. Hizo ni namba za pwani. Kila ukipanda futi 1,000, toa inchi moja hivi. Kwa hiyo hapa mjini injini yenye afya inaweza kusoma 14 na ikawa haina shida yoyote, huku fundi mwenye kitabu mkononi anatikisa kichwa. Kompresheni vilevile: geji itasoma chini ya kitabu, kwa sababu hewa inayoingia silindani ni nyembamba tangu mwanzo.

Jamaa mmoja alinunua gari Dar, akalileta huku, likawa zito na sailensi mbaya. Akapimiwa kompresheni, akaambiwa ringi za pistoni zimekwisha, afanye oveholi (injini ivunjwe na kuundwa upya) au atafute injini ya mtumba. Tulipolipima upya tulifuata taratibu: injini ikiwa na joto, plagi zote nje, akseleta imekanyagwa mpaka chini, betri iliyojaa. Silinda zote nne zilikuwa chini ya kitabu, na zote nne zilikuwa karibu sawa. Hicho ndicho cha kutazama, ulinganifu. Ringi zilizokufa mara chache hufa kwa adabu namna hiyo, zote kwa kipimo kimoja. Trotoboodi ilikuwa nyeusi tii na filta ya hewa imejaa vumbi.

Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, hapo kuna hoja. Mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi yake, upime tena. Ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha na oili imeziba kwa muda. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda heda. Zikiwa chini silinda mbili zinazopakana, anza na gasketi, na tazama kama maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovuja. Baada ya hapo ndipo neno oveholi linaweza kutajwa mbele ya mteja. Na mteja, kabla hujaruhusu injini ivunjwe, omba uandikiwe kwenye karatasi namba ya kila silinda, kavu na yenye oili. Kwa silinda nne, ni namba nane tu. Fundi aliyepima anazo. Asiyeweza kuziandika, lipeleke gari kwingine likiwa bado linatembea.